Mlingoti Unaolazwa: Habari ya Vyombo Vidogo vya Shangani na Maingilio ya Ruvuma



Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wameandika habari za mizani, maghala, minada na malipo ya mkulima. Hayo ni mambo makubwa, na yastahili kutangulizwa. Lakini sisi tuliozaliwa na kulelewa Shangani twaomba nafasi kidogo tueleze jambo dogo, ambalo bila hilo magunia ya baadhi ya wanachama yasingalifika kwenye hiyo mizani. Jambo lenyewe ni mlingoti wa mashua.

Huenda msomaji wa Newala au Masasi, ambaye korosho zake husafiri kwa gari, akashangaa kuona mlingoti katika kitabu cha wakulima. Tunamwomba akumbuke wenzake wa kando ya maji, wa Msangamkuu, wa Msimbati na wa vijiji vilivyo karibu na maingilio ya Ruvuma. Hao wana njia mbili, ya mchanga na ya bahari, na mara nyingi ile ya bahari ndiyo iliyo fupi. Kwao mashua ni gari, na mlingoti ndiyo injini yake.

Vyombo vya wazee wetu

Habari za vyombo vya pwani hii ni za zamani sana. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Kristo, mfanya biashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani juu ya safari za Bahari ya Hindi alitaja mashua zilizoshonwa kwa kamba na mitumbwi iliyochongwa katika gogo moja. Baadaye ukajulikana sana mtepe wa upande wa Lamu, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, ukiwa na mlingoti mmoja na tanga la mkeka. Mtepe umekwisha kutoweka baharini tangu nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Waliobaki ni dau, mashua, jahazi, na ngalawa yenye marengu mawili.

Katika vyombo hivyo vyote mlingoti husimama kwa namna moja. Juu ya mkuku, ndani ya chombo, hulazwa ubao mnene ambao mafundi huuita mwashiri. Ubao huo huchongwa tundu, na kitako cha mlingoti huingia humo. Juu kidogo ipo boriti iliyokingama kutoka ubavu hata ubavu, na mlingoti hufungwa kwenye boriti hiyo kwa kamba imara. Mlingoti wetu hauendi wima kabisa, bali huinama kidogo kuelekea omo, ili foromali na tanga vipate kuning'inia bila kugongana nao. Tanga likisha kutwekwa, henza huvutwa nyuma na kufungwa upande wa tezi, nayo huwa ndiyo kamba ya kuushikilia mlingoti usiende mbele. Kwa hiyo kamba moja hufanya kazi mbili, na huo ni ustadi wa wazee usiohitaji chuma hata kidogo.

Lakini namna hii ina sharti lake. Ili kuutoa mlingoti ni lazima uinuliwe juu mpaka kitako kitoke tunduni, kisha ulazwe. Na ili kuurudisha ni lazima usimamishwe wima, uinuliwe tena, na kitako kielekezwe katika tundu. Mlingoti wa ngalawa ni mwepesi, mtu mmoja au wawili hutosha. Mlingoti wa mashua ya mizigo hutaka watu wanne au zaidi, tena watu wanaosikilizana. Zamani watu hao hawakukosekana. Chombo kilipotia nanga mbele ya Shangani, pwani ilijaa vijana, na mwito mmoja ulitosha.

Mto, mikoko na milingoti

Kwa nini mtu autoe mlingoti wake? Watu wa bahari kuu hawana haja hiyo. Sisi tunayo, kwa sababu ya maumbile ya pwani yetu.

Maingilio ya Ruvuma ni mahali pa mafungu ya mchanga yanayohama na misitu ya mikoko iliyosongamana. Dkt. Livingstone aliyajua hayo kwa taabu. Mwaka 1862 alipanda mto huo kwa mashua, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa kiangazi, watu wake walilazimika mara kwa mara kuziburura juu ya mchanga. Mwezi wa Machi 1866 alirudi akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, akitaka kushukia mtoni. Lakini mikoko na matope vilimnyima mahali pa kuwateremsha wanyama wake, ikambidi aelekee kaskazini mpaka Mikindani na kuanzia safari yake huko. Hivyo mto ulio mpana machoni uliwakataa watu waliokuwa na merikebu na mali. Haukumkataa mwenyeji mwenye mtumbwi.

Lakini hata mwenyeji huyo ana shida zake. Vijito vya mikokoni ni vyembamba, na matawi hukutana juu ya maji. Maji ya bamvua, ambayo katika pwani yetu hupanda zaidi ya mita 3, hukinyanyua chombo mpaka karibu na matawi hayo, na foromali au ncha ya mlingoti hunasa. Tena msimu wa korosho huanza kusi inapokwisha, nao hukutana na maleleji, wakati ambapo upepo haujulikani utokako. Ndipo baharia huacha tanga na kushika upondo au kasia. Mlingoti uliosimama bila tanga si kitu cha bure: hushika upepo wa mbele, huyumbisha chombo, na kila kilo iliyo juu huongeza hatari ya kupinduka pale magunia yanapopangwa vibaya.

Historia ya nchi yetu inao mfano mwingine wa milingoti katika mikoko. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika vijito vya Rufiji, kaskazini mwa kwetu. Meli yenyewe ilifichwa na miti, lakini mwisho wa mwezi wa Oktoba Waingereza waliigundua kwa kuona milingoti iliyochomoza juu ya mikoko. Meli hiyo iliangamia humo humo mtoni mwezi wa Julai 1915. Sisi hatuna vita na mtu, wala hatufichi mizigo yetu. Lakini kisa hicho chaonyesha jinsi kitu kinachofaa sana baharini kinavyoweza kuwa mzigo mara chombo kiingiapo mikokoni.

Bandari kubwa na mashua ndogo

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mambo makubwa yaliifikia sehemu yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa mojawapo ya mahali pa kulimia. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa reli, na Mtwara ikachaguliwa kwa bandari ya kina kirefu. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951 kabla bandari haijakamilika. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, na reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vyake vikang'olewa.

Msomaji aangalie jambo hili. Reli ilikuja ikaondoka. Mashua ndogo haikuondoka. Haikuwa na fahari, wala hakuna aliyeitolea hotuba, bali iliendelea kuchukua ufuta, mbata, samaki wakavu, boriti, na baadaye korosho, kutoka mahali pasipofikiwa na gari masika. Bandari kubwa ilipata shehena yake kwa malori, lakini baadhi ya magunia katika malori hayo yalikuwa yamekwisha kulala usiku mmoja katika ngama ya mashua.

Kilichobadilika ni watu. Vijana wengi wa Shangani sasa wana kazi mjini, shuleni na bandarini, na hapana wa kuwalaumu. Chombo kilichokuwa na mabaharia sita sasa kina wawili au watatu. Mlingoti, lakini, haukupungua uzito.

Ajali iliyotufanya tufikiri

Twaeleza sasa lililotupata sisi wenyewe. Asubuhi moja ya msimu, mashua iliyochukua mizigo ya wanachama ilikuwa ikisimamisha mlingoti ikiwa majini, si pwani, kwa kuwa ilitaka kuwahi kupwa kwa maji. Watu walikuwa watatu. Wimbi dogo lilipita, mmoja akateleza, na mlingoti ukaanguka ubavuni ukamvunja mkono mwenzetu. Tunamshukuru Mungu kwamba haukumwangukia kichwani. Mashua ilirudishwa pwani, na magunia yakangoja hata wengine walipopatikana. Mwenzetu alipona, lakini msimu ule hakushika jembe wala kasia.

Jioni yake tulikaa chini ya mkorosho tukaulizana. Wengine walisema dawa ni kuongeza watu. Wengine walisema dawa ni injini. Wote walikuwa na haki, ila watu hawapatikani kwa kutamaniwa, na injini hutaka mafuta kila siku, hata siku ambayo shehena ni magunia machache. Ndipo fundi mmoja mzee akauliza swali ambalo hatukuwa tumeliuliza: je, ni lazima mlingoti uinuliwe? Hauwezi kulazwa kama mlango?

Mlango hushikwa na bawaba. Hilo ndilo lililotuingiza katika kutafuta habari za wenzetu wa nchi nyingine.

Waliotutangulia

Tuliona kwamba neno hili si geni duniani. Wamisri wa kale, walipopanda mto Nile kwenda kusini, walitweka tanga kwa upepo wa kaskazini. Waliposhuka kwenda kaskazini walilaza mlingoti, wakaacha mkondo na makasia yafanye kazi. Katika maandishi yao ya picha, safari ya kusini huonyeshwa kwa chombo chenye tanga, na safari ya kaskazini kwa chombo kisicho na tanga.

Uingereza, katika mito ya Norfolk, kulikuwa na mashua za mizigo zilizopaswa kupita chini ya madaraja mengi. Milingoti yake ilishikwa na bawaba, na kitako chake kilitiwa risasi nzito ya kusawazisha, hata watu wawili, mara nyingine mume na mkewe, waliweza kuulaza na kuusimamisha. Mojawapo, iitwayo Albion, iliundwa mwaka 1898, na tangu mwaka 1949 imetunzwa na chama kilichoanzishwa na watu waliotaka ufundi huo usipotee. Katika mto Thames, majahazi yaliyopeleka mizigo London yalilaza milingoti na matanga yake kwa roda ya kuzungusha, yakapita chini ya daraja, kisha yakasimamisha tena.

Sisi hatuna madaraja ya namna hiyo. Daraja la Umoja kati yetu na Msumbiji, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali juu ya Ruvuma, Mtambaswala. Lakini tawi la mkoko ni daraja pia, na uchache wa watu ni shida ile ile popote duniani.

Namna ilivyofanywa

Mafundi wetu hawakuiga kwa upofu. Mlingoti wetu huinama mbele, na hilo hatukutaka kulibadili, kwa maana tanga lote limekatwa kwa kulifuata.

Mbao mbili nene za mti mgumu zilisimamishwa juu ya mwashiri, moja kila upande wa mlingoti, zikafungwa kwa bolti katika mataruma na katika ile boriti iliyokingama. Hazikupigiliwa katika mbao za ubavu, kwa sababu ubavu wa mashua ni wa kuzuia maji, si wa kubeba mlingoti. Nusu mita juu ya kitako lilitobolewa tundu la kupitisha bolti nene katika mbao zote mbili na katika mlingoti. Upande wa tezi, chini ya bolti, kilitiwa kipande cha mti kinachozuia kitako kisirudi nyuma. Kwa hiyo mlingoti hauwezi kuanguka kuelekea omo. Upande wa omo paliachwa wazi ili kitako kipate kutoka mlingoti unapolazwa kuelekea tezi, na pakawekwa komeo la kuufunga unapokuwa umesimama.

Hapa pana siri moja ambayo kila mwenye kutaka kufanya hivi yampasa aijue. Mlingoti ukisimama, uzito wake na mvuto wa tanga haufai kubebwa na bolti. Lazima kitako kikae juu ya mwashiri kama zamani. Ndiyo sababu tundu la mlingoti lilifanywa refu kidogo kuliko unene wa bolti, na pete ya chuma ikavishwa juu yake na chini yake ili mti usipasuke. Bolti ni ya kugeuzia, si ya kubebea. Asiyelijua hilo atavunja bolti, au atapasua mlingoti siku ya upepo mkali.

Kulaza ni rahisi. Kusimamisha ndiko kuliko na hesabu. Tuchukue mlingoti wa mita 5 na kilo 40, ambao uzito wake uko katikati. Ukiwa umelala, kamba iliyofungwa mita 4 juu ya bolti na kuvutwa kutoka omo hulala karibu sambamba na mlingoti. Ikiwa pembe yake ni nyuzi 10 tu, mvutaji atahitaji nguvu ya kilo 115 hivi, yaani karibu mara tatu ya uzito wa mlingoti wenyewe! Wengi hukata tamaa hapo, wakadhani bawaba ni udanganyifu. Dawa ni nguzo fupi inayosimamishwa penye bolti, kamba ikapita juu ya ncha yake kabla ya kwenda omo. Kamba ikiwa mbali na bolti kwa mita 1, nguvu hupungua ikawa kilo 80. Na zikitumika gofia zenye kamba nne, hubaki kilo 20, pamoja na kidogo kinacholiwa na msuguano. Kilo 20 ni debe la maji. Mtu mmoja huvuta, na wa pili huuongoza mlingoti usiende upande.

Maneno ya wazee, na majibu yetu

Haikosi kuwa wako waliokataa. Twaona ni haki kuyataja maneno yao, kwa kuwa yalikuwa ya hekima.

Neno la kwanza lilikuwa kwamba chuma na maji ya chumvi ni adui. Ni kweli. Bolti ya chuma kitupu huliwa na kutu mahali usipopaona, ndani ya tundu. Kwa hiyo ilitafutwa bolti iliyopakwa zinki, nayo hutolewa, hukaguliwa na kupakwa mafuta kila msimu kabla ya gunia la kwanza kupakiwa.

Neno la pili lilikuwa kwamba tundu ni mlango wa kuoza. Hilo nalo ni kweli, hata mlingoti ukiwa wa mtondoo au mvinje. Tundu hupakwa sifa, na mlingoti ulazwapo pwani hufunikwa.

Neno la tatu ndilo lililotugusa zaidi. Mzee mmoja alisema, "Mkiisha kuweka chuma kifanye kazi ya watu wanne, vijana wenu hawatajua tena kuitana." Hatukuwa na jibu la upesi. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na mbacha wetu hapa ni ile desturi ya kujibu mwito pwani.

Lakini tulipofikiri tuliona kwamba desturi hiyo haikuwa na maana ya kuinua mti mzito tu. Maana yake ilikuwa kwamba mzigo wa mtu mmoja usiachwe juu yake peke yake. Gharama ya bolti, pete na kazi ya fundi isingaliwezwa na mwenye mashua peke yake katika mwaka wa bei mbaya. Wanachama walichanga, kila mmoja kadiri ya magunia anayopakia. Mikono minne ya zamani haikupotea. Imehama kutoka kwenye mlingoti, ikaingia katika mfuko wa pamoja na katika kazi ya kukagua bolti kila msimu.

Neno la mwisho

Chama Kikuu chetu kina miaka kumi. Wazee wetu waliona vyama vikuu vya ushirika vikivunjwa mwaka 1976, na vikirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wanajua kwamba jengo refu halisimami kwa urefu wake. Sisi watu wa Shangani tungesema hivi: kila chama kina mlingoti wake, nao unaonekana kutoka mbali, lakini uhai wa chombo uko katika kitako kilichokaa vema juu ya mwashiri, na katika bolti ambayo hapana aionaye ila anayeitoa kuikagua.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, twaomba mambo mawili. Vyama vya msingi vilivyo kando ya maji vihesabu mashua kuwa chombo cha kazi ya ushirika kama mizani, na kuitengea kidogo kila msimu. Na viongozi wetu, wanapokuja kukagua ghala, washuke mpaka pwani, watie mkono penye bawaba, waone kama ina mafuta.

Mwenzetu aliyevunjika mkono amerudi baharini. Msimu uliopita tulimwona jioni moja akitoka mikokoni na magunia yake, yeye na kijana mmoja tu. Alifika mahali penye maji wazi, akaivuta kamba taratibu, na mlingoti ukainuka mbele ya macho yetu. Komeo likaingia, tanga likatwekwa, wakaja.